Wadogo zangu wa wodi ya watoto, kimya si utulivu

Wiki hii nimepitia fomu zenu za mYPAS, ile ya kupimia woga wa mtoto kabla ya upasuaji. Kila mtoto aliyekaa kimya mmempa 23.3, alama ya chini kabisa, ya mtoto anayecheza na kuuliza mashine ile inaitwaje. Jamani! Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Kimya si utulivu. Nilipoanza kazi, aliletwa mtoto wa miaka sita, upasuaji wa ngiri. Alikaa mapajani kwa mama yake, haongei, halii, vidole vimekaza kwenye fundo la kanga ya mama, lile la kuwekea hela. Nikamsalimia, hakuitika. Nikafurahi kupata mtoto mpole. Nikajaza 1 kila kipengele, nikamwambia mama abaki nje: "Huyu hana shida." Ikabidi tumbandue vidole kimoja kimoja. Maski ya dawa ya usingizi ilipomkaribia alipiga yowe, akarusha mateke, tukamshika watu wanne mpaka dawa ikamchukua. Mama alisikia yote, yuko nyuma ya mlango. Mtoto alipotoka thieta, mama akaniuliza taratibu tu, "Nesi, si ulisema hana shida?" Nilikosa jibu, na swali lile ninalo mpaka leo.

Usiku nikairudia fomu. Kutojibu kabisa, 3 kati ya 6. Kukaa bila kucheza, 2 kati ya 4. Uso usioonyesha chochote, 2. Kujikunyata, 2. Kumng'ang'ania mama, 3. Hizo tatu za mwisho nazo ni kati ya 4. Gawanya kila alama kwa upeo wake, tafuta wastani kwa asilimia: 55. Na sisi tunahesabu mtoto ana woga akishapita 30! Fomu ilikuwa inajua. Mimi ndiye sikumtazama mtoto.

2. Sura za Wong-Baker, ile michoro ya nyuso anayoonyeshwa mtoto achague, ni za maumivu. Za woga zipo zake, tano, 0 hadi 4.

3. Mtazame mtoto kabla hujabeba trei. Juzi mmoja wenu kamuuliza binti wa miaka minne, "Unaogopa?" kanula, ile sindano ya dripu, iko mkononi mwake nesi. Binti akamjibu, "Weka kwanza hiyo." Nilicheka, lakini mwenzenu alifanya vizuri: aliiweka, akachuchumaa, akauliza upya. Ndipo binti akasema kaka yake kamwambia akilala hapa haamki. Maneno kama hayo hayana kipengele kwenye fomu. Yaandikeni pembeni, na mtu wa usingizi ayasome kabla mtoto hajaingia.