Taji kwenye kijiko si ushahidi wa mfalme

Wadogo zangu mnaoanza kununua na kuuza vyombo vya zamani hapa Mwanza, nianze na hasara yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua vijiko sita vya supu kwa mzee mmoja aliyeshuka na meli ya Bukoba. Kila kimoja kilikuwa na taji dogo kwa nyuma. Mzee hakutaja ufalme hata kidogo, ni mimi niliyejitungia. Nikatoa karibu mtaji wote. Sonara wangu pale Makoroboi aliweka lenzi jichoni, akaguna. "Hilo taji ni la Sheffield, mwanangu. Ni mji."

Ndivyo ilivyo. Taji lilikuwa alama ya ofisi ya kupima usafi wa madini ya fedha ya Sheffield, Uingereza, toka 1773 hadi 1974. Nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Simba anayetembea anasema madini ni safi kwa sehemu 925 katika 1,000. Hata kichwa cha mfalme au malkia mtakachokiona kwenye vyombo vya kati ya 1784 na 1890 ni stakabadhi tu: kodi imelipwa. Muuza duka wa kawaida angeweza kulia uji kijiko chenye alama zote hizo. Vyangu niliishia kuviuza kwa uzito.

Halafu kuna fedha ya kuchovya, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu tu, ambayo mara nyingi ina herufi EPNS. Geuza kijiko utazame pale kinapogusa meza, na kwenye uma tazama ncha. Hapo ndipo huchubuka kwanza, na rangi ya chini hujitokeza. Msidanganywe na hadithi za meli pia. Mteja atakuja na kijiko chenye EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki, aape kimetoka RMS Victoria ya 1961, kwa hiyo ni cha malkia. R ya kwenye RMS ni ya kifalme kweli, ila ni ya barua: meli ilibeba posta.

Nembo ya kifalme iliyochongwa ina uzito zaidi, lakini nayo ihojiwe. Zamani mabalozi wa Uingereza walikabidhiwa vyombo vya fedha vyenye nembo ya mfalme kwa ajili ya meza zao, na wengi hawakuvirudisha. Nembo ya mfalme, mezani kwa balozi! Pitisheni dole gumba juu ya mchongo. Fedha ikiwa nyembamba hapo kuliko pembeni, huenda nembo ya kwanza ilifutwa. Kisha pumulieni. Ukungu wa pumzi huonyesha mstari wa kuungia kipande kilichopachikwa, ambao jicho kavu haliuoni. Na msisugue kwa majivu wala dawa ya meno, mtakula mchongo wenyewe.

Ushahidi hasa ni mikono kilimopita chombo. Malkia Catherine wa Pili wa Urusi aliagiza Paris, kwa mafundi fedha kina Roettiers, seti kubwa ya vyombo vya fedha, akampa Grigory Orlov, aliyekuwa mpenzi wake. Orlov alipofariki 1783, vyombo vikarudi ikulu. Baadaye serikali ya Kisovieti ikauza sehemu yake nje. Kila mkono una jina, na kila hatua ina sababu: zawadi, kifo, mauzo. Hayo ndiyo ya kumuuliza anayekuletea chombo, hata kama ni kisinia cha chumvi. Akianza kubabaika kuhusu alikokipata, mrudishieni. Polisi hawanunui maelezo.

Daftari langu lina ukurasa huu: "Birika, fedha, nanga na simba. Aliyeleta: mwanamke wa Isamilo. Anasema bibi yake alipewa na mwajiri wake, Bukoba. Kabla ya hapo: —" Dalali mmoja alinisihi niandike "Gavana" kwenye kistari kile, bei ingepanda mara tatu, alisema, na nani angejua? Kwanza, mimi ningejua. Pili, mnunuzi wa pili angeliandika kama kweli, wa tatu angemwongezea gavana huyo mke na karamu.

Niliuza birika na kistari chake, kwa bei ya kistari. Juzi binamu wa yule mwanamke kanipigia kutoka Kamachumu, anasema wana barua ya bibi ndani ya sanduku la bati. Jumamosi napanda meli.