Kachumbari ya Nane Nane inaanza Julai

Nane Nane ikikaribia huku Mbeya, nyama inakuwa imeshapangwa zamani: nani analeta mbuzi, nani anachoma, viazi vinatoka Umalila au Uporoto. Kachumbari ndiyo inayosahauliwa mpaka asubuhi ya Agosti 8, ikatwe mbiombio wakati wenzako wameshatangulia viwanja vya John Mwakangale. Mwaka huu naomba uipe heshima yake. Ninayoitegemea mimi ni ya kabichi iliyochachuka, parachichi na mtindi mzito, na kazi yake inaanza Julai.

Sababu ni baridi. Kabichi huchachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao wamo kwenye majani yake tangu shambani. Huongezi hamira, huongezi siki. Wanakula sukari ya kabichi na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoleta ukali, na ndiyo inayowafukuza vijidudu vya kuozesha. Wanatoa kabichi nzuri zaidi kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi; joto likizidi hapo wanakwenda mbio, baridi ikizidi wanakokota. Kyela, kule chini ziwani, kabichi yaweza kukolea kwa siku 4 au 5. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo jikoni kwangu inachukua wiki mbili, pengine na zaidi. Ukipewa maelekezo na mtu wa Dar es Salaam, ongeza siku. Anayetaka kula Nane Nane aanze Julai 20 au karibu na hapo. Wa Makete na Njombe mtangulie kidogo. Wala usiiharakishe kwa kuisogeza kando ya jiko la mkaa, maana joto likizidi inalegea. Kabichi iliyochachuka polepole inabaki ngumu, inalia menoni, na hiyo ni faida tunayopewa na baridi yetu bure.

Sokoni Mwanjelwa chagua kabichi nzito iliyofunga vizuri, ambayo ukiibonyeza haibonyei. Toa majani ya nje, ila bakiza moja zima, safi. Ioshe, ikate nyembamba, kwangua karoti moja au mbili, halafu pima uzito. Kilo 1 inataka gramu 20 za chumvi. Kama huna mzani, ni vijiko vitatu vya chai vya chumvi laini, vijae kidogo juu. Usikadirie kwa mkono kama unavyofanya kwenye mchuzi: chumvi ikipungua mboga inaharibika, ikizidi bakteria wanazubaa na wageni wanakunywa maji usiku kucha. Chumvi yetu ya kawaida yenye madini joto inafaa kabisa.

Sasa ingiza mikono kwenye beseni. Kanda kabichi kwa ngumi, igeuze, ikande tena. Mwanzoni inakatakata kama imekukasirikia. Baada ya dakika chache inanyong'onyea, rangi inakolea, na ukiikamua kiganjani maji yanachuruzika kati ya vidole. Usiache kabla hujayaona maji hayo, maana ndiyo yatakayoilinda. Ishindilie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana mpaka maji yapande juu yake. Lile jani zima lifunike juu, kisha likandamize na glasi ndogo iliyojaa maji. Kinachobaki chini ya maji kinachachuka. Kinachoelea juu kinaota ukungu. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu asidi na chumvi vinaila. Usikaze kifuniko, au kama umekikaza kifungue kila siku hewa itoke. Acha nafasi juu na uweke sahani chini, kwani maji hupanda na kumwagika.

Siku za kwanza hutaona kitu, baridi hiyo. Vumilia. Baadaye vipovu vidogo vinaanza kupanda pembeni mwa kioo na maji yanakuwa meupe kidogo kama yaliyooshea mchele. Hapo shangazi yangu aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hii si imeoza?" Nikamwambia, "Shangazi, shikamoo yako naiheshimu, lakini nusa kwanza." Harufu inapaswa kuwa ya uchachu safi. Utando mwembamba mweupe juu ya maji ukwangue uendelee. Lakini ukiona ukungu wenye manyoya, rangi nyeusi au ya waridi, au inanuka uozo, mwaga yote. Usiionee huruma.

Sisi wa nyanda za juu si wageni wa mambo haya. Ulanzi wa Iringa unachachuka wenyewe baada ya kugemwa, togwa inasubiriwa kwenye mtungi, na maziwa mgando ya Tukuyu hakuna asiyeyajua. Kwa mtindi wa kachumbari hii, chemsha maziwa kwanza, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya TB na brusela. Yakibaki vuguvugu tia kijiko cha mtindi wa jana, funika, viringisha chombo kwenye blanketi. Yakishaganda yamimine kwenye kitambaa safi na uyaning'inize usiku kucha maji yachuje. Unapata mtindi mzito wa kushika kijiko.

Asubuhi ya sikukuu kazi ni ndogo. Kamua kabichi kidogo, changanya na kitunguu chembamba, giligilani na pilipili mbuzi. Mtindi upige na tangawizi iliyotwangwa. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, na mwenye shinikizo la damu msuuzie kabichi yake kwa maji ya kunywa. Parachichi, la Rungwe likiwepo, likate vipande vikubwa na ulitie mwisho kabisa, mezani, lisije likapondeka. Usiipashe moto kwa namna yoyote, maana moto unawaua wale bakteria uliowalea wiki mbili. Kama mnakula uwanjani, beba kabichi, mtindi na parachichi mbalimbali, uchanganye nyama ikishatoka jikoni. Mafuta ya mbuzi yanahitaji uchachu huo; ndizi za kuchoma nazo zinaupokea vizuri kuliko ninavyoweza kueleza.

Kabichi itakayobaki irudishe chini ya maji yake na uihifadhi kwenye friji, au mahali penye baridi kama huna. Itazidi kuwa kali taratibu. Yale maji usiyamwage: kijiko kimoja kwenye maharage yaliyokwisha kuepuliwa kinatosha sufuria nzima.