Mbwa kanyong'onyea mwezi wa sita? Angalia fizi kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza sisi tunaofuga mbwa na paka ni msimu gani unawatesa zaidi wanyama wetu na tunajipangaje. Ukimuuliza mtu yeyote huku kwetu atakwambia masika, basi kamaliza. Mi naishi Moshono hapa Arusha, kwetu ni Kibosho kule Moshi, nimekua na mbwa toka nikiwa mdogo, na jibu langu ni tofauti kidogo, msimu mbaya kuliko yote ni ule wa mwisho wa mwezi wa tano kuingia wa sita, mvua zinakata, ukungu unashuka toka mlima Meru, baridi ndo inaanza kung'ata. Hapo ndo mbwa wengi wanatuponyoka. Na wanatuponyoka kwa sababu mbwa ananyong'onyea, anajikunja kwenye kona, ugali wake kauacha, mwenye mbwa anaangalia anasema baridi hii hata sisi imetushika, anamtupia gunia anaenda kulala. Kumbe yule mbwa ana homa ya kupe na zimebaki siku chache tu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Masika kwetu yanaanza mwezi wa tatu, ukifika wa nne majani yamejaa kila mahali, kuna unyevu na bado kuna joto, kupe ndo wanataka hivyo hivyo. Mbwa anang'atwa mwezi wa nne na wa tano lakini ugonjwa hautoki siku hiyo hiyo, erlikia, moja ya hizo homa za kupe, inakaa kama wiki 1 mpaka 3 ndo homa ionekane, babesia, homa nyingine ya kupe, nayo inaweza kuchukua wiki 2 na zaidi, kwahiyo mbwa aliyeokota kupe kwenye mvua za mwisho anakuja kuumwa wakati wewe umeshavaa sweta na umeshasahau habari za kupe. Halafu erlikia ina tabia mbaya ya kujificha, mbwa anaumwa kidogo, anaonekana kapona, miezi inapita, kumbe inaharibu uboho, pale ndani ya mifupa damu inapotengenezwa, polepole na siku moja unamkuta anatoka damu puani. Hiyo ya damu puani watu wengi mtaani wanasema kapigwa jiwe au kalishwa sumu na wezi, wanaanza kumtafuta mbaya wao, wakati ni kupe wa muda mrefu uliopita.

Sasa ukimuona mbwa kanyong'onyea fanya hivi kabla hujamtafutia gunia. Mwite, mkalishe, nyanyua mdomo wake wa juu pembeni kwa kidole gumba uone fizi pale juu ya chonge. Fizi za mbwa mzima ni za pinki na zina ute. Bonyeza kwa kidole mpaka papauke kisha achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kuna mbwa wana fizi nyeusi za kuzaliwa, huyo vuta kope la chini la jicho uangalie ndani yake. Ukikuta pamepauka au pana unjano, hiyo baridi haihusiki kabisa, huyo huenda anaishiwa damu. Angalia na mkojo wake anapokojoa asubuhi, ukiwa mwekundu au wa kahawia ujue huenda babesia inavunja chembe za damu na hapo hakuna cha kusubiri kesho. Kipimajoto nacho, kile cha kawaida cha dijitali cha duka la dawa, nunua cha mbwa peke yake, paka mafuta kidogo ncha yake ingiza taratibu njia ya haja kubwa, mbwa mzima ni kati ya 38 na 39.2 kwahiyo ukiona 38.5 usianze kulia, hiyo ndo kawaida yake, ila ikigonga 40 ni homa. Habari ya kushika pua kama imekauka achaneni nayo, mbwa aliyelala tu juani pua inakauka na mbwa mwenye homa kali anaweza akawa na pua mbichi.

Dokta wa wanyama akichukua damu akaiangalia kwenye hadubini atajua anatibu nini, na hili ni la muhimu kwa sababu siku hizi watu tunakimbilia dukani tunanunua doksisaiklini tunakisia. Doksi inatibu erlikia, haitibu babesia, babesia ina sindano yake nyingine kabisa, na ukipoteza siku nne unakisia mbwa anafikia mahali pa kuongezewa damu. Na hata kama ni erlikia, dozi yake kawaida ni kila siku kwa wiki 4, anapewa pamoja na chakula maana tumboni inachoma, sasa mbwa wetu siku ya tatu tu ameshaamka anabweka anakula, mtu anaona ya nini kumalizia dawa anaweka pembeni. Hapo hapo ndo unatengeneza ule ugonjwa wa kujificha niliosema. Jamani malizieni dozi, nawaomba.

Kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba huyu kupe wa kahawia wa mbwa hakai porini tu kama tunavyodhani, anaishi nyumbani kwako. Jike akishashiba damu anajiachia, anatambaa, anapanda ukutani, anaingia kwenye ufa wa banda anataga mayai kwa maelfu. Ukienda na tochi usiku kwenye banda lililoshambuliwa utaona vidogo vidogo vinapanda ukuta kuelekea juu kwenye mabati, vingine vimejipanga kwenye ungio la mbao. Hao wanaweza kukaa miezi mingi bila kula wakimsubiri mbwa arudi. Ndo maana mtu anamuogesha mbwa kila Jumamosi na dawa nzuri tu halafu Jumatano kupe wamejaa masikioni anasema dawa ni feki. Dawa sio feki, banda halijaguswa. Toa magunia yote na matambara uchome, ziba nyufa kwa simenti, nyunyizia banda dawa ukutani mpaka juu, mbwa asiingie mpaka pakauke kabisa, rudia tena baada ya wiki 2 au 3 kwa sababu mayai hayafi kwa dawa kirahisi, yanakuja kuanguliwa baadaye. Baba mdogo wangu kule Kibosho alikuwa na banda la mabanzi limeegemea zizi la ng'ombe katikati ya migomba, nyufa kila mahali, kila mwaka anazika mbwa, alipolivunja akajenga la tofali akapiga plasta laini ndani na nje, na mbwa akawa anapewa kidonge cha kupe bila kuruka, hali ikabadilika kabisa pale nyumbani.

Kumkagua kwa mkono bado kuna nafasi yake, mi nafanya jioni nikimlisha, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo, chini ya mkia. Ukimpata kupe mshike kwa kibanio cha nyusi karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Usimminye kwa kucha na usimmwagie mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti akiwa bado kang'ata, unazidi kumchokoza atapike vijidudu ndani ya mbwa. Lakini ukaguzi peke yake hautoshi maana erlikia inaweza kupita ndani ya masaa machache tu toka kupe ang'ate, kwahiyo kinga, iwe kidonge au matone ya shingoni au mkanda wa dawa, ianze mwezi wa pili kabla mvua hazijapiga. Ukisubiri uone kupe umeshachelewa.

Kwa wenye paka naomba msome hapa taratibu. Dawa ya kupe na viroboto ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, mbwa anaihimili, paka ini lake haliwezi kuivunja, na ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, sumu nyingine ya kupe, nayo inamdhuru paka. Jirani yangu mama mmoja mtu mzima alienda duka la pembejeo akaelezea paka wake ana viroboto, akapimiwa dawa ya ng'ombe kwenye kichupa cha maji akaambiwa changanya na ndoo umuogeshe, jioni ile ile paka anatetemeka mwili mzima, masikio yanacheza, mate yanatoka, ikaja degedege. Tulimuosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo tukamfunga kwenye kanga tukamkimbiza kwa dokta na alipona, wengine hawafiki. Mama hakuwa na kosa hata kidogo, aliuliza kwa mtu anayeuza dawa akaamini. Anayeuza dawa ya mifugo na hajui paka sio mbwa mdogo, huyo asiuze.

Na panadol jamani! Baridi ikianza watu wanaona paka anapiga chafya, macho yanatoka majimaji, mafua ya paka haya yanakuwepo sana mwezi wa sita na wa saba, mtu anakata kidonge nusu anakiponda kwenye maziwa. Paracetamol, yaani hiyo panadol, inamuua paka, kidonge kimoja tu kinatosha. Mbwa mzee akianza kuchechemea kwa baridi watu wanampa diklofenaki, dawa ya maumivu ya bibi, nayo inamtoboa tumbo na kumuharibu figo. Viungo vya mbwa mzee vinauma kweli baridi ikiingia, ila zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nenda kaulizie hizo.

Baridi yenyewe sisemi haina madhara, Arusha mwezi wa saba usiku nyuzi zinashuka mpaka 12 au 13 na banda likiwa na sakafu ya simenti tupu mbwa analala juu ya barafu. Mnyanyulie kwa mbao za paleti, juu yake nyasi kavu ambazo unabadilisha zikilowa. Watoto wa mbwa wa wiki mbili tatu za kwanza hawajiwezi kabisa kutunza joto, na hapa kuna jambo wengi wanakosea, ukimkuta kitoto cha baridi usikimbilie kumnyweshea maziwa, mwili ukiwa wa baridi tumbo halifanyi kazi na maziwa yanaweza kumpalia, mpashe joto kwanza polepole, chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kanga inatosha, akishachangamka ndo anyonye. Jiko la mkaa ndani ya banda au stoo hapana, ile hewa yake inaua mbwa kama inavyoua watu. Na asubuhi kabla hujawasha gari gonga boneti, paka wanapanda kule kulalia injini yenye joto.

Masika yenyewe nayo nisiyaache hivi hivi. Mnakumbuka mwaka 2022 kule Lindi homa ya mgunda ilivyotushtua nchi nzima, basi vijidudu vyake, leptospira, mbwa naye anavipata, vinatoka kwenye mkojo wa panya, vinakaa kwenye madimbwi na matope, mbwa anakunywa au anapita na kidonda vinaingia, na yeye akikojoa anavisambaza kwa wewe unayefagia banda. Vaa glovu na buti, maji ya kunywa ya mbwa yawe ya kwako, na ukienda kwenye chanjo uliza kama ile wanayompa ina kinga ya lepto ndani yake. Kichaa cha mbwa hakina msimu, mbwa na paka wachanjwe wakifika miezi 3 na kila mwaka kadi ifuatiliwe, na karibu na tarehe 28 Septemba ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako maana ndo siku ya kichaa cha mbwa duniani na mara nyingi chanjo zinafanyika kipindi hicho. Mtoto aking'atwa ni maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani mnamfahamu.

Desemba sisi watu wa Moshi tunapanda nyumbani, wengine mbwa tunawaacha mjini na mlinzi na wengine tunawabeba. Huku mlimani mbuzi wanachinjwa kila kaya, mbwa wanatupiwa mifupa ya kuchoma na ndo wanapasuka matumbo, mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali, na maini na mapafu mabichi ya mbuzi yanaweza kuwa na malengelenge ya minyoo ambayo mbwa anakuja kuirudisha kwa watoto. Chemsheni hayo maini na mapafu vizuri kabla hamjampa. Mkirudi mjini Januari jua la Moshi chini kule Pasua na Njoro linafika nyuzi 33, 34, mbwa aliyefungwa mnyororo chini ya bati hana pa kukimbilia, mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema tu, ukimkuta anahema kwa nguvu ulimi umekuwa mwekundu sana na anayumba mmwagie maji ya bomba mwili mzima hasa tumboni na kwapani, mpepee, halafu dokta. Mlinzi anayebaki naye muachie namba ya dokta, hela ya bodaboda, na kadi ya chanjo iwe mezani sio kwenye kabati ulilofunga na funguo umeenda nayo Kibosho.