Saba mara nane inakwama wapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ni katuni gani ya kuimba na kufundisha, ya utotoni, ambayo msomaji angependa irudi kwenye televisheni, na kwa nini? Swali limenigusa pabaya. Najua wengi watataja jina, waimbe kipande, wamalize. Kabla hatujarudisha chochote, mimi nataka kuuliza jambo jingine: nyimbo zile zilimwachia mtoto nini kichwani? Namba, au mfuatano wa sauti tu?

Tuweke kumbukumbu sawa kwanza. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Aliyezaliwa Dodoma mwaka 1980 alikulia kwenye redio, akisubiri kipindi cha watoto, Mama na Mwana, na tebo za kuzidisha alizikariri kutoka jalada la nyuma la daftari. Wadogo zake walioziwahi katuni walizipata za kigeni, kwa Kiingereza, wakawa wanaimba milio bila maneno. Katuni ya hesabu iliyotungwa kwa Kiswahili, Ubongo Kids, ilianza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014. Wakati huo analojia ilikuwa imeshazimwa Dodoma, na nyumba isiyo na king'amuzi iliambulia chenga.

Mfano ambao wengi wameuiga ni Schoolhouse Rock! ya Marekani, iliyoanza mwaka 1973 kwenye kituo cha ABC. David McCall, mtu wa kampuni ya matangazo, alimwona mwanawe akishindwa tebo huku akiimba nyimbo za Rolling Stones bila kukosea. Akataka hesabu itiwe kwenye muziki, na kazi hiyo ikaangukia kwa Bob Dorough, mpiga piano wa jazi. Kila wimbo ulikuwa wa dakika tatu hivi. Ulichomekwa kati ya katuni nyingine Jumamosi asubuhi, ukarudiwa miaka nenda miaka rudi. Kurudiwa huko kulifanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanywa na Kiingereza chenyewe, na hapo ndipo sisi tunapojikwaa.

Hesabu silabi. Kwa Kiingereza, majibu ya tebo ya saba, kuanzia mara moja hadi mara kumi, ni ya silabi mbili au tatu tu. Hakuna linalozidi hapo. Kwa hiyo mtunzi akipata kipande kimoja cha wimbo, majibu yote kumi yanaingia. Kwa Kiswahili, upande wa swali umetulia kuliko hata wa kwao: kuanzia moja hadi kumi, kila namba ina silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Hata nne, maana ile n ya mwanzo inasimama peke yake. "Saba mara" namba yoyote kati ya hizo ni silabi sita, daima. Mabonde na milima yako kwenye jibu. Saba, silabi mbili. Kumi na nne, tano. Ishirini na moja, saba. Arobaini na mbili, nane. Halafu unateremka mpaka sabini, silabi tatu. Chombo kilichofinyangwa kubeba silabi tatu kinapewa nane, kisha tunashangaa kinamwaga.

Liko darasa la tatu katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino ambako haya yote yalionekana kwa siku chache tu. Mwalimu alichukua kwenye simu tuni ya katuni ya kigeni, ya mapigo manne, akaivika maneno ya Kiswahili. Watoto kama sabini, watatu watatu kwenye dawati, juu bati tupu. Wakaanza na tebo ya mbili. Ikakaa vizuri, kwa sababu majibu yake hadi ishirini hayavuki silabi tano. Tebo ya mbili ndiyo inayowadanganya walimu wengi kwamba tuni imefaa.

Ikaja ya saba. Saba mara tatu, wakabana: "ishirni na moja". Mara sita, arobaini ikawa "arbaini", ambayo hata watu wazima huisema, lakini bado haikutosha. Mara saba, tuni iliisha kabla ya neno kwisha. Nusu ya darasa ikadondosha "sa" ya mwisho ili iwahi swali linalofuata, nusu nyingine ikabaki nyuma. Mara nane pakaharibika kabisa. Tazama maneno mawili haya: tisa na sita. Irabu ni zilezile, i na a. Konsonanti ni zilezile, t na s, zimebadilishana viti tu. Chini ya bati linalovuma, mtoto wa dawati la nyuma hawezi kuyatenganisha. Na tebo ya saba inayapanga jirani: arobaini na tisa, kisha hapohapo hamsini na sita, kwenye noti zilezile.

Ijumaa likatolewa zoezi la maswali kumi, yaliyochanganywa. Kwenye saba mara nane midomo ilianza kuchezacheza, vidole vikagonga dawati, kila mtoto akirudi saba mara moja ili apande ngazi upya. Waliofika juu waliandika 56, ndiyo, lakini wengine waliandika 46, na wengine 59. Mtu asiyejua wimbo wao angesema hawa hawajui kuzidisha. Lakini soma makosa hayo kwa sauti. "Arobaini na sita." "Hamsini na tisa." Ni mistari miwili ya wimbo iliyoshonwa vibaya. Kosa lilikuwa la tuni, na alama nyekundu zikaenda kwa watoto.

Aliyeliona tatizo ni bibi mmoja mpiga muheme, ngoma ya Wagogo, ambaye mjukuu wake yumo darasani. Hakutaja silabi wala noti. Alisema tu kwamba maneno yanakanyagwa, akagonga dawati kwa viganja namna jibu linavyotaka kwenda. Aligonga kwa matatu matatu.

Na ndivyo lilivyo. Chukua jibu lolote la tebo lenye "na" katikati: i-shi-RI-ni na MO-ja, a-ro-ba-I-ni na TI-sa, ham-SI-ni na SI-ta, KU-mi na M-BI-li. Samahani, hili la mwisho ni KU-mi na MBI-li. Mb hapo haikatwi. Kutoka mkazo wa kwanza hadi wa pili kuna hatua tatu, kila mara, bila kukosa. Lakini swali, SA-ba MA-ra NA-ne, linatembea kwa mbili mbili. Kiswahili chenyewe kinauliza kwa mbili na kujibu kwa tatu. Tuni ya mapigo manne inalilazimisha jibu litembee kama swali, basi mkazo wa arobaini unaangukia "ba", na mtoto anasikia neno ambalo nyumbani halisemwi hivyo.

Mstari uliotengenezwa baada ya hapo una mapigo madogo 18, na nauandika kwa anayetaka kuutumia. Sita ya kwanza ni swali, yakigawanywa mawili mawili. Sita ya katikati: matatu ni kimya chenye kofi moja, matatu ni ya kuingilia. Arobaini huyatumia yote matatu ya kuingilia, a-ro-ba. Ishirini na thelathini huanza kwenye la pili. Hamsini, sitini na sabini huanza kwenye la tatu. Kumi na nne haihitaji hata moja. Sita ya mwisho ni jibu, matatu matatu, mkazo ukitua juu ya pigo la kwanza na la nne. Ukienda kwa mapigo madogo matatu kwa sekunde, mstari mmoja ni sekunde sita, na tebo nzima hadi mara kumi ni dakika moja kamili. Ukikimbiza zaidi, darasa kubwa linaachana. Na kile kimya kisijazwe kinanda, hata kama kinamuuma mtunzi. Ndiyo nafasi pekee ambamo mtoto anatafuta jibu mwenyewe kabla hajalisikia kwa mwenzake.

Angalizo juu ya nne. Mkazo unaangukia n, sauti isiyo na irabu, na watoto huiokoa kwa kuimba "ine". Wafundishwe kuivuta n yenyewe, midomo wazi kidogo, ulimi juu.

Kuhusu upande wa picha nitasema kifupi. Katuni nzuri ya wimbo hurekodiwa sauti kwanza, kisha mchoro hufuata. Kwa michoro 12 kwa sekunde, wimbo wa dakika tatu unakula michoro 2,160, na midomo yote imepimwa kwa lugha ya awali. Kwa saba ya Kiingereza meno hugusa mdomo wa chini kwenye ile v. Kwa saba yetu midomo hufumba kwenye b. Ukiingiza sauti ya Kiswahili juu ya mchoro wa kigeni, mdomo unafunguka mara tatu na sauti inatoa silabi nane. Kwa hadithi ya kawaida si neno, vibanda umiza na filamu zao za kutafsiriwa vimetuzoesha. Kwa mtoto anayetazama midomo ili alifuate neno, ni hasara tupu.

Nilipoanza kuandika nilikuwa tayari kusema zisirudi. Wimbo unafundisha foleni: mtoto anajua nani yuko nyuma ya nani, lakini ukimwita mmoja kwa jina haitiki. Bado naamini hivyo. Ila kadiri nilivyoendelea nimelegea, na sababu ni lile jalada la daftari. Darasa lisilo na katuni wala simu nalo huimba tebo: "saba mara moja, saaaba", kwa ule mlio mmoja mzito tunaoujua wote. Ni tuni hiyo, ila hakuna aliyeitunga. Hatujawahi kufundisha tebo bila wimbo. Tunachoweza kuchagua ni wimbo uliopimwa kwa maneno yetu au uliookotwa. Tena katuni haichoki kurudia, wakati mwalimu wa watoto sabini ikifika saa sita mchana sauti imeshakwenda.

Basi jibu langu, ingawa si la swali mlilouliza: zirudi, ila zile zilizotungwa kwa Kiswahili tangu kwenye sauti. Zile za kutafsiriwa zibaki kwenye kumbukumbu zetu, tuzipende huko. Zisihangaike na tebo ya mbili, ya tano wala ya kumi, ambazo mtoto atazipata hata bila wimbo. Ziende kwenye sita, saba, nane na tisa. Tena wimbo uimbwe raundi mbili. Ya kwanza kwa mpangilio. Ya pili mwimbishaji aruke ovyo, na ianzie saba mara nane.

Msomaji, Dodoma