Maswali na majibu: Nikichanganya pamba na zari, maduara ya tatingi hayafungi

SWALI: Shkamoo dada fundi. Najifunza tatingi (lesi ya mkono ya mafundo madogo yanayopangwa kuwa maduara na matao) kwenye video, huu mwezi wa tatu. Shato yangu (kile kifaa kidogo cha mkononi kinachobeba uzi) niliagiziwa na mama mdogo yuko Muscat. Kwa uzi wa pamba mtupu maduara yanafunga vizuri tu, ila nataka lesi ya kung'aa ya kuweka kwenye pindo la mtandio, nikaunganisha pamba na uzi wa zari nikajaza kwenye shato. Sasa nikivuta duara lifunge, ama uzi unakatika ama zari inachunika inabaki kama manyoya. Halafu nyuzi mbili hazikai pamoja, mmoja unatokeza vitanzi vitanzi. Nakosea wapi? – Msomaji wa Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, kama kwa pamba tupu maduara yanafunga basi mkono wako uko sawa, ile sehemu ngumu ya kugeuza fundo umeshaivuka, na hiyo ndo inayowakatisha watu wengi tamaa. Ishu yako ni moja: zari umeiweka kwenye njia ya kuvutwa. Isingetakiwa ivutwe, ilitakiwa ikae tu ionekane.

Ngoja nieleze taratibu maana na wengine wanaoanza watasoma hapa. Fundo la tatingi lina nusu mbili. Uzi umeuzungusha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, shato iko kulia, unaipitisha chini unairudisha juu, na kwa sekunde hiyo uzi wa shato ndio unaojifunga kwenye uzi wa vidoleni. Hapo sasa unalegeza vidole vya kushoto, unavuta uzi wa shato unyooke kama kamba ya kuanikia nguo, na fundo linaruka upande wa pili: sasa uzi wa vidoleni ndio umejifunga, wa shato umepita katikati yake umenyooka. Kama hujawahi kuliona kwa macho chukua uzi mnene, namba 10 (kumbuka kwenye nyuzi hizi namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, 80 ni kama unywele), weka mweupe kwenye shato na mwekundu kwenye vidole uunge ncha zao. Fundo likitoka jekundu umegeuza, likitoka jeupe hujageuza, na nusu moja tu isiyogeuka inatosha kulifunga duara zima kama kufuli.

Sasa tukirudi kwako. Kwenye duara, uzi wa vidoleni na uzi wa shato ni uzi ule ule mmoja, umezunguka mkono ukarudi. Ukimaliza mafundo yako tuseme ishirini, unavuta shato, na ule uzi wa ndani unateleza kupita ndani ya mafundo yote ishirini kwa pamoja. Pamba ile ya kung'aa inavumilia hilo kwa sababu imetengenezwa iwe laini. Aliyegundua kuloweka pamba kwenye magadi makali ni Mwingereza John Mercer, mwaka 1844, baadaye kwenye miaka ya 1890 Horace Lowe akaja na kuivuta uzi ukiwa humo kwenye dawa usinywee, na huko kuvutwa ndiko kulikouletea mng'ao. Zari sio hivyo. Uichunguze kwa karibu, ukiweza ishike juani: ni utepe mwembamba sana wa kung'aa umeviringishwa kwenye uzi wa ndani, kama bendeji kwenye kidole. Ukiuvuta kupita kwenye mafundo ishirini yaliyobana, ule utepe unakwaruzwa unarudi nyuma unajikusanya, njia inaziba, unavuta kwa nguvu zaidi, tap, umekatika. Na hayo manyoya uliyoyaona ni uzi wa ndani uliobaki uchi.

Na shato yako angalia ncha zake. Kama ni zile zinazobana, ambazo uzi ukitoka unasikia tik tik, basi zari inachunwa hapo hapo kabla hata haijafika kwenye fundo. Zenye bobini ndani zina huruma zaidi, ila hata hiyo mi bado nisingeijaza zari.

Dawa yake iko kwenye tao. Lile tao linalounga duara na duara lina nyuzi mbili tofauti kweli: wa shato unapita ndani, wa kwenye donge (uzi wa pili ulioviringwa, usioingia kwenye shato) unazunguka vidole, na ukishageuza fundo kinachoonekana nje ni uzi wa donge peke yake. Kwa hiyo shato jaza pamba laini tupu namba 20, na mchanganyiko wako wa pamba na zari uache kwenye donge. Zari itakaa juu inang'aa, haivutwi kupita popote, pamba ndiyo inayofanya kazi ya kuteleza. Lesi yenye maduara ya pamba tupu na matao ya zari inapendeza sana kwenye pindo, macho yanapata pa kupumzika, na mi binafsi naiona nzuri kuliko iliyong'aa kote.

Ila kama unataka na duara lenyewe ling'ae, basi tengeneza tao ulifunge liwe duara. Unaanza kama tao la kawaida, shato pamba, donge zari, lakini kabla ya fundo la kwanza unaacha kitanzi cha uzi wa shato, kikubwa kiasi cha shato kupenya, unakibana na klipu ya karatasi kisikimbie. Unafuma mafundo yako yote na piko zako (vile vitanzi vidogo vya urembo), ukifika mwisho unapitisha shato ndani ya kile kitanzi ulichokiacha, unatoa klipu, unavuta. Linafunga kama duara la kawaida, na kilichoteleza ndani ni pamba tupu. Mara ya kwanza kitanzi kitakusumbua kitataka kujisokota, kishikilie kwa sindano mpaka kiishe chenyewe.

Sasa hilo la nyuzi mbili kutokaa pamoja. Pamba inatanuka kidogo ukiivuta, zari haitanuki karibu kabisa. Ukizishika kwa mkazo mmoja na ukaachia, pamba inarudi fupi zari inabaki ndefu, ndo vitanzi unavyoviona, na kila fundo linaongeza kidogo kidogo mpaka ukifika katikati ya tao tofauti imeshakuwa kubwa. Usizipeleke sambamba tu, zisokote. Pima mita mbili za kila uzi, funga ncha kwenye kitasa cha mlango, ncha nyingine zungusha kwa vidole mpaka zishikane kama kamba ya mkonge lakini kwa ulegevu, zari ikiwa inaizunguka pamba, halafu ndo uviringe kwenye donge. Ukizisokota mpaka zikaanza kujikunja zenyewe umezidisha, rudisha. Na kila baada ya mafundo kadhaa achia donge lining'inie hewani lijizungushe, maana mikono yetu inaongeza au inapunguza msokoto bila sisi kujua.

Unene nao uangalie. Pamba namba 20 ukiongeza zari juu yake unapata kitu kinachokaribia namba 10, kwa hiyo tao la zari lenye mafundo kumi litakuwa refu kuliko la pamba lenye mafundo kumi na lesi itaanza kuyumba kama mawimbi. Mi kwenye donge natumia pamba nyembamba, 40, au nyuzi mbili tu za uzi wa kudarizi (ule unaokuja na nyuzi sita, unazichambua), naongeza na zari, hapo unene unalingana na ile 20 ya kwenye shato. Hariri pia inakubali sana kuchanganywa na pamba, inateleza yenyewe, hiyo hata kwenye shato unaweza kuiweka.

Kuna jambo hujauliza ila nitakuambia kwa sababu limewahi kuniuma. Nilifuma pindo la mtandio wa bi harusi, pamba na zari, kazi ya wiki nzima jioni jioni, likatoka zuri mno, nikalifua ili nilinyooshe, likakauka limejikunja kote kama karatasi iliyonyeshewa. Pamba ilinywea, zari haikunywea. Niliikata yote nikaanza upya na shughuli ilikuwa imebaki siku nne. Tangu hapo uzi wa pamba nauloweka kwanza kwenye maji ya moto ukiwa umefungwa kimkufu, unakauka kivulini, ndo nauchanganya. Na kama ni rangi kali kama nyekundu au bluu ya kuiva, bana uzi uliolowa kwenye kitambaa cheupe uone kama unatoa rangi, usisubiri uone kwenye mtandio wa mtu.

Usianze na mtandio basi. Fuma matao matatu ya mafundo kumi kumi kwa kila mchanganyiko, uyafue, uyabane na pini zisizoshika kutu kwenye godoro la sponji, yakikauka yapime kwa rula kabla na baada. Andika kwenye kikaratasi ulichanganya nini na nini uzishone pamoja, mimi daftari langu la namna hiyo ndo nalitazama kila nikipata oda.

Na yale maduara yaliyokwama, usiyakate kwanza. Tafuta piko iliyo karibu na fundo la mwisho, itanue kwa vidole viwili kuelekea pande mbili, katikati ya mafundo utauona uzi wa ndani umejitokeza kidogo. Uingize sindano butu chini yake, uvute pole pole kurudi nyuma, piko hadi piko, mpaka duara lifunguke. Zari iliyochunika haitapona, lakini kwa kuwa umesema mlikuwa na pamba pamoja, pamba utaiokoa ukaitumie kwenye shato.