Kabla Hujachagua Fomati ya Video, Uliza Hataza ni za Nani

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti hapa Dodoma hupenda kuniuliza fomati ipi ya video ni nzuri. Huwa nawarudishia swali: hataza zake (haki za kisheria za waliobuni teknolojia yake) ni za nani, na mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza hizo, analipa nani?

Wateja wangu wa Nkuhungu huniletea video za simu: harusi, semina, mafunzo ya kilimo cha zabibu. Siku hizi iPhone na simu kadhaa za Android hurekodi kwa H.265, kiwango cha kubana video ili faili liwe dogo. Ukiifungua video hiyo kwenye Windows, mara nyingi sauti unaisikia ila picha huioni, kisha kinakuja kidirisha kinachokutaka ununue kiongezi kwa dola 0.99. Mteja anaapa faili limeharibika, kumbe ni zima, leseni tu ndiyo haipo. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2013, lakini wenye hataza wakagawanyika makundi, kila kundi na bei yake, na ukilipa moja hujamalizana na mengine.

Kampuni kubwa hujumlisha gharama hiyo kwenye bei ya simu, basi. Anayetoa programu huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuinakili na kuisambaza, afanyeje? Mrabaha huhesabiwa kwa nakala, naye hajui zake zimefika wapi.

Ndiyo maana mwaka 2004 W3C, shirika linaloandaa viwango vya wavuti, ilipitisha sera kwamba wanaoshiriki kuandaa kiwango cha wavuti wasitoze mrabaha kwa hataza zao ambazo kiwango hicho hakiwezi kutumika bila hizo. IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti, haijafika huko: inataka washiriki watangaze hataza wanazozijua, halafu kikundi kipime chenyewe. Matangazo hayo yako wazi kwenye tovuti yao, tafuta kwa namba ya RFC, yaani hati wanazochapisha. Lugha yake ni ya mawakili na inachosha, lakini soma.

Mimi mtandaoni naweka video kwa fomati ya AV1 na sauti kwa fomati ya Opus, pamoja na nakala ya H.264, iliyotangulia H.265, kwa simu za zamani. AV1 ilitoka 2018 kwa ahadi ya waundaji wake ya kutotoza mrabaha, na mwaka uliofuata tu Sisvel, kampuni inayotoza leseni za hataza za wengine, ikatangaza kukusanya hataza inazodai zinaihusu. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni bure, uliza nani aliahidi, na nani hakuwepo wakati wa kuahidi.

Na mkiandikiana mkataba na taasisi, fomati itajwe kwa jina, na iandikwe nani atabeba gharama ya leseni ikijitokeza.