Kuchanganya kanda za MiniDV

Swali: Kila nikibadilisha aina ya kanda kwenye kamera yangu ya MiniDV (inayorekodi video ya kidijitali kwenye kanda ndogo), picha hujaa miraba midogo midogo. Je, kanda ndizo zinazoiharibu?

Jibu: Huenda kanda ni nzima, ndugu msomaji. Vilainishi vilivyo kwenye kanda za viwanda tofauti vikikutana kwenye vichwa vya kusomea, yaani sehemu za kamera zinazogusa na kusoma kanda, huweza kuacha utando unaonata, nao hukamata vumbi. Ngoma ya vichwa, yaani silinda inayobeba vichwa hivyo, huzunguka mara 9,000 kwa dakika. Uchafu kiduchu unatosha kuvuruga picha. Baki na chapa moja. Ukilazimika kubadilisha, cheza kwanza kanda kavu ya kusafishia kwa sekunde 10 tu, kwani inakwangua vichwa. Usiirudishe nyuma kabla haijafika mwisho. Kusafisha kwa pamba za masikioni? Hapana, nyuzi zake hunasa vichwani.